Kuzoea dawa ya maumivu siyo kuwa teja, tuache kuwatesa wagonjwa wetu

mfamasia_wa_zamu:

Wakuu habari za jioni. Nimesoma ule uzi wa yule dada anayemuuguza mama yake kansa ya shingo ya kizazi, ndugu wamekaa kikao wakaamua chupa ya mofini ifichwe, eti mama akichelewa kupewa anatetemeka na jasho linamtoka kwahiyo tayari ni teja, bora avumilie. Na wachangiaji wengi wakaunga mkono hoja. Nimeona niufungulie huu mjadala uzi wake, maana mimi nipo dirisha la dawa hospitalini, hao wagonjwa ndio nawahudumia, na hili jambo linaniuma kuliko mengi ninayoyaona kazini.

Iko hivi. Mwili kuzoea dawa ni kitu kimoja, uraibu ni kitu kingine. Vinaweza kumkuta mtu mmoja kwa pamoja, na kimoja kinaweza kuwepo kingine kisiwepo kabisa.

Mwili kuzoea hakuna uhusiano wowote na tabia ya mtu. Mofini, kodeini, tramadoli, pethidini, zote hizi ni jamii ya afyuni na zinafanya kazi kwa kushika vipokezi, yaani vile vituo vya seli ambavyo dawa inajishika, vilivyopo kwenye ubongo, uti wa mgongo na mpaka kwenye utumbo. Ukizitumia kila siku kwa wiki kadhaa mwili unaanza kusukuma upande wa pili ili mambo yakae sawa, dawa inatuliza na mwili unaamsha, ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni. Sasa mmoja akiondoka ghafla yule mwingine anakuja mzima mzima: moyo unakwenda mbio, jasho, miayo haiishi, makamasi, vinyweleo vinasimama, tumbo linakata, unaharisha (ndio maana ukiwa unaitumia unafunga choo na ukiiacha unaharisha, ni vile vipokezi vya utumbo), usingizi hamna. Hiyo ndio mtaani mnaita arosto. Na itamkuta yeyote aliyetumia muda mrefu akakatishiwa, awe shehe, awe padri, awe bibi wa miaka 80 ambaye pombe hajawahi hata kuionja.

Tena siyo afyuni peke yake. Prednisoloni ambayo wanapewa wenye pumu kali na baridi yabisi, ukiitumia zaidi ya wiki tatu hivi tezi zilizokaa juu ya figo zinapunguza kutengeneza homoni yake, ukiiacha kwa siku moja presha inaweza kushuka ukazimia na hata kufa. Propranololi ya moyo ukiikata ghafla mapigo yanapanda. Amitriptilini ya maumivu ya neva nayo ukiiacha ghafla unakosa usingizi, kichefuchefu, kichwa kinauma. Mbona hakuna anayeitwa teja wa prednisoloni? Hakuna mtu anayeenda kuiba simu ili akanunue propranololi.

Uraibu uko kwingine. Mtu anaitamani dawa mpaka inatawala mawazo yake, anapanga kutumia kidogo anajikuta katumia nyingi, anajaribu kuacha anashindwa, na anaendelea hata akishaona kwa macho yake kwamba inamvunjia ndoa, kazi na afya. Na hili linaweza kutokea bila mwili kutegemea kitu chochote cha kumeza. Angalieni vijana wetu na kubeti. Mtu anakula ada ya mtoto, anauza kiwanja cha urithi, mkeka ukichanika anakopa aweke mwingine, hapo hakuna kidonge wala sindano lakini huo ni uraibu kamili na unatambulika kitabibu.

Upande wa pili mwangalieni mtoto mchanga ambaye mama yake alikuwa anatumia methadoni (dawa wanayopewa wenye uraibu wa heroini) au heroini yenyewe, yaani unga, wakati wa ujauzito. Anazaliwa, baada ya siku moja mbili anaanza kutetemeka, analia bila kunyamaza, hanyonyi vizuri, anapewa mofini kidogo kidogo mpaka mwili utulie. Mwili wa yule mtoto umezoea. Nani atasema ni teja? Hajatamani kitu, hajatafuta kitu.

Hata mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wanaoutumia Wamarekani, toleo la 2013, una vigezo 11 vya kupima tatizo la matumizi ya dawa, na viwili kati ya hivyo, yaani dozi kuzoeleka mpaka inahitaji kuongezwa na arosto, wameandika wazi havihesabiwi kama mtu anatumia dawa kwa maelekezo ya daktari. Yaani yale mawili ambayo sisi huku tunayatumia kumhukumu mama wa watu ndio hayo hayo yaliyotolewa.

Karibuni tujadili. Ukipinga pinga kwa hoja.

mzee_wa_kipunguni:

Mtoa mada umeeleza vizuri lakini mimi napinga. Haya haya ndio waliambiwa Wamarekani, kwamba mgonjwa mwenye maumivu ya kweli hawezi kuwa mraibu, wakagawiwa vidonge kama karanga na leo wanazika watu kila siku. Sisi tumeona unga ulivyofanya Magomeni, Kinondoni, Tanga mpaka Zanzibar. Nimezika mdogo wangu kwa sababu ya unga. Sasa leo mnataka tufungue mlango mwingine kwa jina la hospitali? Woga wetu una sababu.

mfamasia_wa_zamu:

Pole sana mzee wangu kwa msiba wa mdogo wako. Hoja yako ni nzito na sitaikwepa.

Ni kweli walidanganywa. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa barua ya sentensi tano tu ya Porter na Jick, wakasema wamepitia kumbukumbu za wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizi wakiwa hospitalini wakakuta wanne tu ndio waliopata uraibu. Wagonjwa waliolazwa, wanaopewa dawa na nesi. Hiyo barua ikaja kunukuliwa mamia ya mara kama ushahidi kwamba mtu anaweza kukaa nyumbani na chupa ya vidonge miaka na miaka bila shida. Kampuni ya dawa ya Purdue Pharma wakaingiza sokoni 1996 OxyContin, kidonge cha jamii hiyohiyo ya afyuni, mawakala wao wakawa wanawaambia madaktari hatari ya uraibu ni ndogo mno, 2007 kampuni ya kundi hilohilo, Purdue Frederick, ikakiri kosa mahakamani la kupotosha watu kuhusu hatari hiyo, na 2020 Purdue wakakiri makosa mengine tena. Kufikia 2021 vifo vya dawa kuzidi mwilini kule vilivuka 100,000 kwa mwaka mmoja, ingawa kwa wakati huo vingi vilikuwa vya fentanili ya vichochoroni, afyuni ya kutengenezwa yenye nguvu kuliko mofini.

Kwahiyo mimi sisemi mgonjwa wa maumivu hapati uraibu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalikadiria kati ya asilimia 8 na 12 ya wanaotumia dawa hizi kwa maumivu sugu wanapata uraibu. Hiyo siyo ndogo hata kidogo, ukiwa na wagonjwa kumi mmoja wao unaweza kumpoteza. Lakini mwili kuzoea unawapata karibu wote wanaotumia kila siku kwa muda mrefu. Sasa ukichukua kutetemeka ndio kipimo utawaita mateja wote kumi, na yule mmoja ambaye kweli amezama hutamjua ni yupi, maana kwako wote wamefanana.

Na kuna sehemu ya pili ya hiyo habari ya Marekani ambayo huku haisimuliwi. Baada ya kuogopa wakageuka upande mwingine. 2016 ukatoka mwongozo wa kitaifa wa kupunguza kuandika dawa hizi, madaktari wengi wakaushika vibaya wakaanza kukata dozi za watu waliotumia miaka kumi, wengine kwa siku moja. 2019 mamlaka ya dawa ya kule ikabidi itoe onyo rasmi kwamba kukatisha ghafla kumeleta arosto kali, maumivu kurudi na watu kujiua, na 2022 mwongozo ukaandikwa upya. Wapo waliokatiwa hospitalini wakaenda kutafuta mtaani. Yaani kuchanganya haya mambo mawili kuliwaumiza mara mbili, kwanza walipodharau uraibu, kisha walipomwona kila aliyezoea dawa kuwa mraibu.

Sisi shida yetu iko upande wa pili kabisa. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilihesabu 2017 ikakuta kati ya tani 298.5 za dawa hizi zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1. Unga uliomuua mdogo wako haukutoka dirisha la dawa mzee wangu, ulitoka Afghanistani huko ukaja na majahazi kutoka pwani za Irani na Pakistani. Kumficha mama wa kansa chupa yake hakumrudishi na hakumlindi kijana yeyote aliyepo Magomeni leo.

bajaji_ya_alfajiri:

Naomba nichangie maana haya nimeyaishi yote mawili.

Nimevuta unga miaka mingi sana, nyie mnaosema uteja mnausoma mimi nilikuwa ndani yake. Nimeiba kwa mama yangu, nimeuza milango ya nyumba tuliyopanga, nimelala makaburini. Leo nipo kliniki ya methadoni, zile zilianzia Muhimbili 2011 zikafuata Mwananyamala na Temeke, kila asubuhi nakwenda nakunywa kikombe changu mbele ya nesi afu naingia barabarani na bajaji. Sasa nisikilizeni. Nikikosa methadoni siku mbili nina arosto, tena ndefu kuliko ya unga. Mwili wangu umeizoea asilimia mia. Lakini sijaiba tangu niingie kliniki, namlipia mwanangu shule, mama ananipa funguo za nyumba. Siwazi methadoni mchana kutwa, nakunywa naisahau mpaka kesho.

Kwahiyo mimi nina kuzoea bila uteja na nimewahi kuwa na uteja wenyewe. Tofauti haipo kwenye kutetemeka. Unga ulikuwa unaninyang'anya kitu kila siku, hii dawa inanirudishia. Yule mama wa kansa akinywa mofini anafanya nini? Anaamka anaongea na wajukuu. Sasa uteja gani huo unaomrudisha mtu kwa familia yake.

Mzee wa Kipunguni pole sana mzee. Mimi ningeweza kuwa mdogo wako.

mzee_wa_kipunguni:

Nimekusoma kijana wangu. Mungu akushike mkono usirudi nyuma.

mama_salha:

Jamani mimi nina swali na nimelia nikisoma hapa. Binti yangu ana selimundu, yupo kidato cha tatu. Maumivu yakimshika tunakimbilia hospitali, na yeye kwa sababu amezaliwa na huu ugonjwa anajua dawa gani inamsaidia na gani haimsaidii, akifika anaitaja. Mara ya mwisho nesi wa zamu alimwambia mbele za watu "wewe umeshakuwa teja wa sindano, unaigiza". Wakampa panado akakaa na maumivu mpaka asubuhi. Sasa akiumwa hataki nimpeleke, anang'ata shuka. Mimi nifanyeje? Na je ni kweli anaweza kuwa ameshakuwa?

dokta_wa_wilayani:

Mama Salha pole sana wewe na binti. Nimefanya kazi wodi za watoto na watu wazima na hili naliona mara kwa mara, na kama mtu wa fani linanitia uchungu.

Krisisi ya selimundu ni chembe nyekundu za damu zimekuwa kama mundu zikaziba mishipa midogo, sehemu ya mfupa inakosa damu na oksijeni. Hayo ni maumivu makali ya kiwango cha mofini, hayaonekani kwa macho, hayana kidonda wala plasta, na hakuna kipimo cha maabara kinachoyathibitisha. Sasa mtu akija anajua jina la dawa na kiasi chake, mtoa huduma ambaye hajafundishwa anasikia harufu ya uteja. Wakati mgonjwa wa kisukari akija anataja aina ya insulini yake na yuniti zake tunamsifu kwamba anajua ugonjwa wake.

1989 watafiti wawili, Weissman na Haddox, waliandika kisa cha kijana wa miaka 17 mwenye leukemia (kansa ya damu), alikuwa anapewa dawa kidogo kuliko maumivu yake, akaanza kulalamika, kuangalia saa, kudai dozi kabla ya muda, wahudumu wakamwona mraibu. Alichokuwa anakitafuta ni nafuu. Niweke tahadhari hapa maana mzee wa Kipunguni atanikamata na atakuwa na haki: lile wazo kwamba anayeonekana mraibu huenda anakosa nafuu tu, baadaye makampuni ya dawa yalilitumia vibaya, kila mgonjwa aliyeonyesha dalili za uraibu ikawa inasemwa mwongezeeni dozi. Kwahiyo haitoshi kusema "ana maumivu tu", unatibu maumivu vizuri halafu unaangalia. Akitulia maumivu yakitulia, umepata jibu. Kama maumivu yameisha na bado anatafuta sindano, hapo kuna jambo lingine la kushughulikia, na hata hapo halishughulikiwi kwa matusi.

Binti wa kidato cha tatu anayeng'ata shuka ili asipelekwe hospitali siyo mraibu mama. Mraibu hakimbii sehemu yenye dawa.

La kufanya: mpeleke kliniki ya selimundu akiwa mzima, siyo akiwa na krisisi, muombe daktari anayemfuatilia aandike karatasi inayosema binti akija na maumivu apewe nini na kiasi gani, igongwe muhuri, muwe mnatembea nayo. Ulizia hydroxyurea kama bado hajaanzishiwa, ile inapunguza idadi ya krisisi zenyewe. Na kama wanampiga pethidini kila mara uliza kuhusu mofini badala yake, maana pethidini ikirudiwa rudiwa mabaki yake yanajikusanya mwilini na yanaweza kuleta degedege, ndio maana miongozo mingi imeiacha kwa selimundu.

mama_salha:

Asante sana dokta, Mungu akubariki. Hiyo karatasi hakuna aliyewahi kuniambia. Kliniki yake ni wiki ijayo nitaiomba.

dada_wa_ule_uzi:

Nimeelekezwa huku, mimi ndio mwenye mama anayezungumziwa. Tumewasomea baba mdogo na shangazi maneno ya yule kaka wa bajaji, wamenyamaza, chupa imetolewa. Ila ilikuwa imefichwa siku kadhaa. Je nimrudishie kiasi kilekile? Na pia alikuwa anaanza kuhangaika saa sita ya usiku wakati dozi nilikuwa nampa asubuhi, mchana na jioni.

mfamasia_wa_zamu:

Dada usirudishe kiasi kilekile kwa kukisia. Siku kadhaa bila dawa mwili unapunguza mazoea, dozi ambayo ilikuwa sawa wiki iliyopita inaweza kuwa kubwa leo, ikapunguza pumzi. Piga simu leo kwa waliomwandikia, wakupangie pa kuanzia, mara nyingi wanaanza chini kidogo wanapanda haraka.

Halafu hiyo ya usiku imenifungua macho. Mofini ya maji inafanya kazi kama saa nne, ndio maana kawaida yake ni kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia mara nyingi inaongezwa mara mbili ili mgonjwa asiamshwe usiku. Ukimpa mara tatu kwa siku kuna masaa mengi katikati mama hana kitu mwilini, maumivu yanarudi na arosto inaingia hapohapo. Kile mlichokuwa mnaona kama uteja huenda ni ratiba tu. Waulize hilo waziwazi. Na uliza kama ameandikiwa dawa ya kulainisha choo, mofini bila ya hiyo ni mateso mengine.

Kwa wengine wanaosoma: mofini ya kunywa haijaletwa jana. Mofini yenyewe ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1977. Hospitali ya kansa ya Ocean Road pale Dar wanaitumia. Majirani zetu Uganda, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, wakawa wanachanganya unga wa mofini na maji na rangi ili nguvu zisichanganywe, chupa ya kijani ndio hafifu, serikali inaitoa bure, na kule hata manesi waliosomea huduma shufaa, yaani ya kuwapa nafuu wenye magonjwa makubwa kama kansa, wanaruhusiwa kuiandika.

kaka_wa_mbagala:

Sawa nimeelewa, sasa niambieni kuhusu huyu wa kwangu. Mdogo wangu ni bodaboda, alipata ajali, mgongo ukawa unamuuma akaandikiwa tramadoli hospitali. Hiyo ni muda mrefu umepita. Sahivi anameza anavyojua, ananunua maduka tofauti tofauti ili wasimjue, anasema bila hiyo hawezi kuendesha usiku, pesa ya rejesho la pikipiki inaishia huko, mkewe amerudi kwao. Ukimuuliza anasema mimi nina cheti cha daktari, mwili umezoea tu. Anatumia maneno haya haya yenu.

mfamasia_wa_zamu:

Kaka nashukuru umelileta hili, maana cheti cha daktari hakimlindi mtu na uraibu, kinaonyesha tu alipoanzia.

Angalia ulivyoeleza mwenyewe. Hukuanza na kutetemeka. Umesema anameza anavyojua, anazunguka maduka, anaitumia kwa kazi ambayo haikuandikiwa, yaani kukesha, pesa ya rejesho imeliwa, ndoa imetikisika na bado anaendelea. Hapo mazoea ya mwili yapo bila shaka, lakini na lile la pili lipo. Tena tramadoli ina ubaya wake wa ziada, ikipita miligramu 400 kwa siku hatari ya degedege inapanda, na mtu yupo juu ya pikipiki na abiria nyuma. Akichanganya na pombe au valiamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) pumzi inaweza kusimama usingizini.

Usimnyang'anye ghafla na usimfungie ndani. Mpeleke kwa daktari, ikiwezekana mwenye idara ya afya ya akili, useme yote, maumivu ya mgongo na matumizi, maana maumivu yake huenda ni ya kweli mpaka leo na yasipotibiwa atarudi palepale. Ana haki ya kutibiwa vyote viwili. Na tafadhali asiitwe teja pale nyumbani, huo ni ugonjwa, akishaona aibu ataficha zaidi.

msomaji_kimya:

Na sisi ambao hatujafika huko? Natumia tramadoli kwa diski za mgongo karibu mwaka, dozi ileile niliyoandikiwa, siongezi. Nikisahau siku moja nakuwa kama nina mafua na hasira bila sababu. Nilikuwa naogopa kumwambia mtu. Nataka kuacha, niache vipi, na nikiacha mgongo nitatumia nini? Kuna jamaa ameniambia nihamie diklofenaki ya kila siku maana ile haina uteja.

dokta_wa_wilayani:

Ulivyojieleza ni mwili kuzoea, hakuna cha kuona aibu hapo.

Kuacha unaacha pole pole na daktari wako. Kwa mtu aliyetumia mwaka au zaidi mwongozo wa Marekani wa 2022 unapendekeza kupunguza kama asilimia 10 kwa mwezi, aliyetumia muda mfupi zaidi anaweza kwenda kwa wiki. Ukiona dalili zinakushinda unakaa kwenye dozi hiyo mpaka utulie ndio unashuka tena, hakuna mashindano. Kama unazo za muda mrefu, zile kapsuli au vidonge vya kutoa dawa taratibu, usizivunje wala kuzifungua ili upate kipande kidogo, dawa yote itatoka kwa mkupuo, omba ubadilishiwe za nguvu ndogo. Tramadoli inagusa pia kemikali za ubongo zinazohusika na hisia, ndio maana hizo hasira, siyo tabia yako imebadilika.

Kuhusu diklofenaki jamaa amekupa ushauri wa hatari kwa nia njema. Ni kweli haina arosto, lakini ya kila siku kwa miezi inaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuua figo, na nimewaona wengi kwenye usafishaji damu ambao historia yao ni dawa hizo za dukani. Watu wetu wanaogopa uteja kiasi kwamba chochote kisicho na uteja wanakiona salama.

Na nikwambie ukweli ambao haupendezi: kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu dawa za jamii ya afyuni hazifanyi maajabu. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2018, wagonjwa 240 wa mgongo, nyonga na magoti wakafuatiliwa mwaka mzima, nusu kwenye dawa hizi na nusu kwenye dawa nyingine za maumivu, wa afyuni hawakufanya kazi zao za kila siku vizuri zaidi ya wenzao. Kansa ni habari nyingine na krisisi ya selimundu ni habari nyingine. Kwa mgongo wako mtafute mtu wa fiziotherapia, mazoezi ya kila siku hata kama wiki za mwanzo unaona hayasaidii, na kama maumivu yanashuka mguuni kama shoti muulize daktari kama anaona dawa ya neva inakufaa. Kwenye tramadoli usianze kupunguza wiki ambayo mgongo umekushika vibaya, subiri utulie.

msomaji_kimya:

Nashukuru sana dokta. Swali la mwisho, usiku natumia na valiamu kidogo ili nipate usingizi, daktari wa tramadoli haijui. Naanza kupunguza ipi?

dokta_wa_wilayani:

Usianze yoyote peke yako. Hizo mbili pamoja ndio zinazosimamisha pumzi, na valiamu ikikatwa ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu inaweza kuleta degedege la kuua, arosto yake ni ya hatari kuliko ya tramadoli. Nenda kesho ukamwonyeshe vidonge vyote viwili, apange yeye ipi inatangulia. Usiku wa leo usiongeze hata nusu ya unachotumia kawaida, na pombe usiguse kabisa.

msomaji_kimya:

Sawa, kesho asubuhi naenda.